Pasaka ya Bibi Freda

Mwezi uliopita, hapa Columbus, mwenzangu wa kazini alifungua chupa ndogo wakati wa chakula cha mchana, na harufu yake ikanipanda puani kabla sijaiona. Ni mzizi fulani mweupe, husagwa na kuchanganywa na siki na bitiruti mpaka uwe mwekundu wa kutisha, mkali kiasi kwamba machozi yanakutoka bila huzuni yoyote. Mwenzangu akaupaka kwenye nyama yake, akatafuna, akaendelea kuangalia simu. Mimi nilibaki nimeshika uma hewani. Nilikuwa nimerudi Buffalo, nina miaka tisa, viganja vyangu vimelowa rangi ile, na nina hakika kwamba kabla ya asubuhi mtu atakufa na huenda mtu huyo ni mimi.

Ninyi mliokua kama nilivyokua, mkijibu wazazi kwa Kiingereza na kusali kwa Kiswahili, mnajua kwamba sisi tulipewa nusu ya kila habari. Wazazi walitunyima nusu moja kwa kutuhurumia, na walimu hawakuijua ile nyingine. Tulibaki kuunga vipande wenyewe, na mara nyingi tulivyoviunga vilitoka na sura ya kutisha kuliko ukweli. Au karibu sawa na ukweli. Mpaka leo sijaamua.

Mama yangu alikuwa akimtunza mwanamke mzee wa Kiyahudi, Bibi Freda. Sisi tulikaa mtaa wa Kensington-Bailey, juu ya nyumba ya mbao iliyolia kila upepo ulipovuma, na baba alifanya kazi ya usiku kiwandani, mji jirani wa Tonawanda. Siku ambazo mama alichelewa kutoka, basi la shule lilinishusha karibu na kwa Bibi Freda, nikamsubiri huko. Alikuwa mdogo wa umbo, na miwani iliyoyafanya macho yake yawe makubwa kama ya samaki, na sauti nzito ya kiume. Tulicheza karata, akaniibia waziwazi. Nikimkamata anasema, "Mtoto, mimi nimezika watu wote niliokuwa nikicheza nao kwa haki." Jina la mama, Spesioza, lilimshinda, akalikata likabaki Spes. Mandazi ya mama aliyala na chai bila sukari, akifumba macho.

Siku moja mama alirudi nyumbani akitembea kwa namna nyingine. "Tumealikwa Pasaka," akasema. Judith, binti wa Bibi Freda, alikuwa anakuja kutoka Columbus na mumewe, na alikuwa amempigia mama simu yeye mwenyewe. Alimwambia: njoo kama mgeni, Spes, si kama mfanyakazi, na umlete binti yako. Mama alilirudia neno hilo kwa baba, "kama mgeni," na baba, aliyekuwa anafunga viatu vya kazini, akainua kichwa na kutabasamu. Tangu tufike Marekani hakuna Mmarekani aliyekuwa ametuita mezani kwake. Mama alinunua gauni la kijani. Mdogo wangu alipelekwa kwa jirani. Na kwa kuwa Bibi Freda alikuwa amemnong'oneza kwamba anataka mandazi, mama alikaanga beseni zima.

Kwetu Pasaka ilikuwa moja tu: kanisa, kwaya, wali na nyama, soda. Kwamba Wayahudi nao wana Pasaka yao nilijua kidogo, kutoka shule ya Jumapili. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja Mkongomani, na wiki chache kabla alikuwa ametufundisha habari za Misri, kwa sauti yake ya taratibu iliyotutia baridi mgongoni. "Donc, batoto, ile usiku malaika anapita nyumba kwa nyumba. Anaangalia mulango. Akiona damu, anapita. Kama hakuna damu, bon, anaingia. Mutoto wa kwanza anakufa." Mimi ni kifungua mimba. Nilikwenda nyumbani nikauangalia mlango wetu kwa muda mrefu.

Tulifika kwa Bibi Freda jua likiwa linashuka. Theluji chafu ilikuwa bado imelala pembeni mwa ukuta. Judith ndiye aliyetufungulia, mwanamke mrefu aliyevaa aproni juu ya nguo nzuri, na macho ya mtu asiyelala. Alitabasamu, kisha akaliona beseni.

"Spes, hayo yana hamira?"

"Ndiyo," mama akajibu kwa fahari. "Yameumuka vizuri sana."

Uso wa Judith ulibadilika kama vile tumeleta nyoka. Mumewe, Howard, mtu mnene mwenye huruma usoni, alilipokea beseni akalishika mbali na tumbo lake, akalipeleka gereji na kufunga mlango. Nilisikia kitasa kikizungushwa. Kutoka kwenye kiti chake sebuleni Bibi Freda akapaza sauti: "Hayo ni yangu!"

"Mama, ni Pasaka! Hatuli kitu chenye hamira!"

"Najua ni Pasaka. Ndiyo maana nina njaa."

Mama alisimama katikati ya ukumbi na gauni lake la kijani, mikono mitupu, akiomba radhi kwa kosa asilolijua. Mimi nilikuwa natazama nyuma, kwenye miimo ya mlango. Ilikuwa myeupe, safi, imepanguswa. Hapakuwa na tone la kitu chochote.

Nilitumwa jikoni kuchukua vijiko. Judith na Howard walikuwa katika stoo ya vyakula, mlango umeegeshwa, wananong'ona.

"Jumatatu asubuhi," Judith alisema. "Wanakuja wanaume wawili na gari kubwa. Kabla ya saa sita atakuwa ameshaondoka."

"Na yeye bado hajui?"

"Hajui. Mwache ale kwanza, nitamwambia baadaye. Spes yuko hapa, akianguka kutakuwa na mtu wa kumshika. Ndiyo maana nilimwita."

Howard akashusha pumzi. "Masikini. Pasaka yake ya mwisho."

Nyumbani kwetu habari ya wanaume wawili na gari ilisimuliwa kwa sauti ya chini, watoto wakidhaniwa wamelala. Ndivyo babu yangu, baba wa mama, alivyochukuliwa kule Burundi, kabla familia haijakimbilia kambini Tanzania. Ilikuwa asubuhi. Gari lilisimama nje, wakashuka wanaume wawili, na mmoja wao, kwa upole, akamwambia babu amalize uji wake kwanza. Upole huo ndio mama hakuweza kuusamehe. Kwa hiyo nilipolisikia neno lile, mwache ale kwanza, niliviacha vijiko juu ya meza nikatoka kumtafuta mama.

Nilimkuta mama ukumbini nikamwambia kila kitu, haraka, kwa Kiswahili ili wasielewe. Akanibana mkono juu ya kiwiko.

"Nyamaza. Najua."

"You know?"

"Judith ameniambia leo mchana, kwa simu. Si mambo ya watoto. Kaa, kula, nyamaza."

Neno lake hilo, najua, ndilo lililonimaliza nguvu. Nilimwangalia mama yangu nikaona mtu mwingine.

Tukakaa mezani. Kulikuwa na mfupa uliochomwa katika sahani, peke yake, bila nyama. Kulikuwa na yai lililoungua, na majani yaliyochovywa kwenye maji ya chumvi ambayo Howard alisema ni machozi. Kulikuwa na kiti kitupu, na mbele yake kikombe kikubwa cha fedha kilichojaa divai ambayo hakuna aliyeigusa. Howard alisoma kitabuni mbiombio, kama mtu anayekimbizwa na harufu ya kuku, na Judith alimrudisha nyuma kila aliporuka ukurasa.

"Hiyo hujasoma."

"Nimesoma kimoyomoyo."

"Hao watu walitoka Misri upesi kuliko sisi tunavyofika kwenye supu," alisema Bibi Freda.

Kwa kuwa mtoto pekee nilikuwa mimi, nilipewa kadi nisome maswali ya mdogo wa mezani, kwa nini usiku huu hauko kama mwingine. Bibi Freda alinishangilia kwa kugonga kijiko. Mimi nilikuwa nauliza kweli. Nilimtazama Judith nikingoja aseme.

Kisha wakaanza mapigo. Ukitaja pigo unachovya kidole katika kinywaji chako na kudondosha tone sahanini. Damu. Vyura. Chawa. Sauti zao zilishuka zikawa sawa, zikaacha kugombana, na hiyo ilinitisha zaidi, kwamba hili wamelizoea. Juisi yangu ya zabibu ilikauka kidoleni. Pigo la mwisho, kifo cha wazaliwa wa kwanza, walilitaja wote pamoja, na Howard akafunga kitabu, kidole kikiwa bado ndani.

Nikauliza ni nani hapa mezani aliyezaliwa wa kwanza.

"Mimi," alisema Bibi Freda. "Wadogo zangu wote nimewazika."

"Mimi," alisema Judith.

"Mimi ni wa nne," alisema Howard, "niko salama," akanywa.

"Na kile kikombe ni cha nani?"

Judith akanieleza, kwa upole, kwamba baadaye mlango wa mbele utafunguliwa na atakaribishwa nabii, ambaye haonekani, aingie anywe. "Na wewe ndiye utakayemfungulia," akasema. "Ni kazi ya mtoto."

Niliomba kwenda chooni. Sikwenda. Nilipita jikoni, nikachukua bakuli la mzizi ule mwekundu na brashi ambayo Judith aliitumia kumpaka kuku mafuta, nikaenda mlangoni. Mwalimu alisema damu ipakwe upande wa nje. Harufu ilikuwa inanitoa machozi na kamasi, nilikuwa naona kwa shida, lakini nilifungua mlango kimyakimya nikaanza na mwimo wa kushoto, juu kadiri nilivyofika. Nikapaka wa kulia. Niliporudi nyuma kutazama kama panaonekana vizuri, niligonga mtu.

Alikuwa amesimama ngazini katika giza lile la mwanzo, mwanaume mrefu, ndevu nyeusi zilizochanganyika na mvi, koti lenye kofia iliyofunika macho. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Aliweka mkono kwenye mwimo, akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wameshaanza?"

Nilipiga ukelele ambao nafikiri Tonawanda waliusikia. Niliingia, nikausukuma mlango kwa mgongo, nikazungusha kitasa, nikakimbilia mezani. "He's here! Amekuja! Yuko mlangoni!"

Wakacheka. Walidhani nimeanza mchezo mapema. "Mwambie aingie," alisema Howard, "tumemwekea kikombe."

Mlango ukagongwa. Mara tatu, polepole.

Howard aliacha kucheka kwanza. Mama akasimama na kunivuta nyuma yake. Na hapo Bibi Freda, akipangusa midomo yake, akasema, "Fungua, Judith. Ni ndugu yako. Mimi ndiye niliyemwita."

Benny alikuwa ametoka Louisville kwa basi, siku nzima. Kwa Bibi Freda nilikuwa nimeiona picha yake ukutani, kijana asiye na ndevu. Yeye na dada yake hawakuwa wamesemeshana tangu mazishi ya baba yao, walipogombania kaburini nani atupe udongo kwanza. Sasa aliingia sebuleni ameshika maua ya kituo cha mafuta yaliyosinyaa, na kiganja chake, na mkono wa koti, na shavu alilojikuna, vyote vyekundu.

"Una damu!" Judith akapiga kelele. "Howard, ana damu!"

Howard akakaa chini ghafla, uso umemwisha rangi. Mama, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, alimfikia Benny na kitambaa cha kufutia mikono kabla wengine hawajainuka, akamfuta, akanusa, akasita. Benny akalamba kidole chake. Macho yakamjaa machozi.

"Ni bitiruti," akasema huku anakohoa.

Ndipo wakacheka, wote, kicheko cha kuumiza mbavu. Judith alijishika kwenye bega la ndugu yake ili asianguke, na alipogundua anamshika nani hakumwachia. Bibi Freda alikuwa anagonga meza kwa kijiko. Nadhani kama ningenyamaza hapo, wangekula supu wakiwa bado na ule uchangamfu. Lakini walinigeukia na kuniuliza kwa nini, mtoto, kwa nini umepaka mlango, na walikuwa wananitazama kwa wema, nami nilikuwa nimeibana ile siri moyoni kwa saa nzima.

"Ili wasimchukue Bibi," nikasema. "Wale wanaume wawili. Jumatatu."

Bibi Freda aliweka kijiko chini.

"Wanaume gani?"

Judith akaanza kulia bila sauti, kisha akasema yote mara moja: kwamba ameshindwa kuja kutoka Columbus kila jiko linapoachwa linawaka, kwamba amepata mahali pazuri karibu na kwake, pana bustani, chumba kina dirisha, kwamba nyumba hii ni ngazi tupu na siku moja Spes ataingia asubuhi amkute amelala chini ya ngazi hizo.

Bibi Freda hakumtazama. Alimtazama mama.

"Ulijua?"

"Nilijua leo mchana," alisema mama.

"Ukakaa hapa, ukala na mimi."

"Nilikaa, Bibi. Nilikaa ili usipokee habari hiyo peke yako."

Ilikuwa kweli, na haikusaidia. Bibi Freda alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubali bei. Kisha akamgeukia Benny, na sauti yake nzito ikawa nyembamba. "Benny. Kule Louisville unakaa vipi?"

Benny alikaa Okolona, mtaa wa huko, chumba kimoja juu ya gereji ya mtu, akipanga mizigo ghalani usiku. Angeweza kusema hivyo. Alibaki akiyatazama maua yake, akayazungusha, akayalaza mezani karibu na ule mfupa.

Tulingoja. Nilikuwa mtoto lakini niliuona uso wa Bibi Freda ukingoja aambiwe njoo, na nikauona ulipoacha kungoja.

"Haya," akasema. "Leteni supu, inapoa."

Wakaleta supu. Tukala yote, supu, samaki, kuku, keki ngumu isiyoumuka. Benny alikaa kwenye kile kiti kitupu kwa sababu hapakuwa na kingine. Ilipofika sehemu ya kufungua mlango, hakuna aliyeniomba, na hakuna aliyeinuka.

Ndani ya gari mama hakuwasha redio. Tulipofika barabara ya Bailey akasema, kama anayeongea na kioo, "Nimenunua gauni, kumbe nimeitwa kuwa machela." Nilimuuliza kama wale wanaume watamuua Bibi Freda. Akasimamisha gari mbele ya duka la matairi lililofungwa. Akaniuliza niliyatoa wapi hayo, nami nikamweleza habari ya babu na uji. Hakujua kwamba tulikuwa tunasikia. Alizima injini, na vioo vikaanza kuingia ukungu.

"Hawamuui," akasema. "Wanamhamisha. Anapelekwa karibu na mtoto wake."

"So it's good?"

"Sijui." Akafuta kioo kwa kiganja. "Siku tulipopanda basi kutoka kambini, mama yangu alisimama upande wa pili wa kamba. Faili lake la kuhamia Marekani lilikuwa halijapita. Alikuwa amevaa sweta langu."

"Huwa unampigia?"

Akawasha gari tukaondoka.

Bibi Freda aliishi Columbus majira mawili ya baridi. Judith alimtembelea kila siku, walisema, na kila siku waligombana. Benny sijui. Mama alipata kazi kwa mzee mwingine, akaifanya vizuri, na hakukubali tena kukaa mezani na mtu anayemwogesha.

Lakini Jumatatu ile shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo nilikuwepo. Gari kubwa lilikuja. Wanaume wawili walikuwa vijana tu, mmoja akitafuna chingamu, wakimwita Bibi Freda mama, wakibeba viti vyake kwa uangalifu hata miguu ya viti isiguse ukuta. Mimi nilijificha nyuma ya mama na sikuthubutu kuwatazama usoni. Bibi Freda alikaa mbele katika gari la Judith, amevaa kofia, mkoba magotini. Hakuitazama nyumba. Mama alikwenda kumfunga mkanda, akamfunga, akabaki ameinama pale dirishani.

"Spes," alisema Bibi Freda. "Mama yako yu hai?"

"Yu hai, Bibi."

"Basi mpigie simu. Na usimwambie habari zangu."

Gari likaondoka. Tulibaki kufagia. Nyumba tupu ina mwangwi, na kila tulichokisogeza kililia mara mbili. Mama alimaliza jikoni, akaegemeza ufagio, akakaa sakafuni na gauni lake la kazi, akampigia mama yake. Kule ilikuwa jioni. Simu iliita mpaka nikafikiri haitapokelewa, kisha sauti ya bibi yangu ikajaa jikoni, kubwa, yenye furaha, ikipiga kelele kama wanavyopiga kelele watu wasioamini kwamba simu inafika mbali kiasi hicho. Akauliza habari za baba. Akauliza kama nimerefuka. Mama akajibu yote, hapana, hakuna tatizo, nimekukumbuka tu.

Halafu bibi akauliza kama tumeshapata nyumba yenye chumba chake.

Mama alizungusha macho katika jikoni lile tupu, akatazama ukumbi, na ngazi, na milango yote iliyoachwa wazi.

"Bado, Mama," akasema. "Tunatafuta."